Picha Moja kwa Siku, na Sauti Niliyokosa Kuisikia

Majuma machache yaliyopita, shule zilipokuwa zimefungwa, nilimwuliza mwanafunzi mmoja wa shule ya upili ana picha ngapi katika simu anayoruhusiwa kuitumia akiwa nyumbani. Alibonyeza hapa na pale, akanijibu kwamba zilikuwa elfu nne na mia tatu hivi. Nikamwomba anionyeshe moja tu ambayo amewahi kuirudia na kuitazama kwa utulivu baada ya ile siku aliyoipiga. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kwa adabu iwapo mwalimu naye huzitazama zake.

Swali hilo lilikuwa la haki. Haya ninayoyaandika leo ndiyo jibu lake, japo limechelewa.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mimi si mpiga picha. Kazi yangu ni fidla. Nimeipiga katika vikundi vya taarabu mjini Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na mchana nimefundisha somo la muziki katika shule za upili. Kamera niliyo nayo ni ile ya simu, sawa na ya mtu mwingine yeyote anayesubiri feri pale Likoni. Lakini Januari mosi mwaka 2023 nilijiwekea sharti: kila siku nitapiga picha moja, si mbili, sitaifuta hata ikiwa imeharibika, na nitaiandikia mstari mmoja daftarini kabla sijalala.

Sababu haikuwa ya kisanaa hata kidogo. Nilikuwa nimeanza kuwa mvivu wa mazoezi. Mpiga fidla asiyefanya mazoezi siku moja hujijua mwenyewe. Akikosa siku tatu, wenzake humjua. Akikosa juma zima, hata wageni walioalikwa harusini humjua. Kwa hivyo niliamua kwamba kila nitakapomaliza mazoezi ya alfajiri nitakipiga picha kiti nilichokuwa nimekikalia, fidla ikiwa juu yake. Picha ilikuwa mfano wa rejista ya darasa. Aliyekuwapo ametiwa alama, na asiyekuwapo hana pa kujificha.

Walimu watakaosoma hapa wanaujua udhaifu wa rejista. Kufikia juma la tatu nilijikuta nimekipiga picha kiti kabla ya mazoezi, kisha simu ikalia, kisha nikaondoka kwenda kazini. Alama ilikuwa imetiwa ilhali mwanafunzi hakuwako darasani. Picha hiyo ya tarehe 19 ninayo hadi leo, maana sharti lilinikataza kuifuta, na sidhani kwamba yuko mtu mwingine awezaye kuitambua kuwa ni ya uongo. Kiti ni kile kile na fidla ni ile ile. Ila ukiutazama upinde vizuri utaona kwamba singa zake zimelegea kama zilivyotoka sandukuni. Katika picha zote nyingine singa zimekazwa, kwa kuwa nilikuwa ndio kwanza nimalize kupiga. Niliaibika mbele ya kiti changu mwenyewe.

Basi nikaacha kukipiga picha kiti. Nikabadilisha sharti, nikasema kwamba nitapiga chochote kitakachonisimamisha njiani, mahali popote, saa yoyote. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu siku nyingi hakuna kinachomsimamisha mtu. Daftari la mwezi wa Februari lina mistari kama hii: "Mvua." "Feri imechelewa." "Mkokoteni wa maji, mwenyewe amelala chini yake." "Ubao wa darasa, haujafutwa." Na mara mbili nimeandika: "Hakuna." Lakini picha ipo.

Hili mwanamuziki hulielewa kwa wepesi kuliko wengi. Sisi hutumia sehemu kubwa ya maisha yetu tukipiga ngazi ile ile ya sauti, juu na chini, asubuhi baada ya asubuhi, bila yeyote wa kutupigia makofi. Siku nyingi mazoezi hayo hayana tunda linaloonekana. Msikilizaji huiona ile saa moja jukwaani, akadhani ndiyo muziki. Kati ya picha zangu 365 za mwaka ule, nikizihesabu bila ya kujipendelea, labda kumi ni nzuri. Hizo kumi sikuzijua nilipokuwa nikizipiga. Nyingine zilizobaki ndizo zilizonifikisha.

Na kulikuwa na mambo madogo ambayo sikuyatarajia. Nimeishi chumba kimoja kwa miaka mingi, dirisha lake likitazama mashariki. Nilikuwa nikiamini kwamba huku kwetu karibu na ikweta jua halina safari za kwenda huku na huko, kwamba hilo ni jambo la Ulaya. Picha za asubuhi zilinikosoa. Mwezi wa Januari mwanga ulikuwa ukiangukia upande wa kaskazini wa ukuta wangu. Kufikia Juni ulikuwa umehamia upande wa kusini, na kufikia Desemba ulikuwa umerudi. Mwalimu wa jiografia alinifundisha hayo zamani, nikayaandika, nikapata alama. Sikuwa nimeyaona.

Sikuwa wa kwanza katika jambo hili. Huko New York aliishi mtu aitwaye Jamie Livingston, mtengenezaji wa filamu na mpiga kodiani, ambaye tarehe 31 Machi 1979, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Bard, alianza kupiga picha moja kwa siku. Alitumia kamera ya Polaroid, ile inayoitoa picha yake papo hapo, ikajidhihirisha yenyewe mkononi baada ya dakika chache. Hakuacha kwa miaka kumi na minane. Nyingi za picha zake ni za mambo ya kawaida tu: marafiki, chakula mezani, barabara, mchezo wa besiboli alioupenda. Katika majuma ya mwisho zimo za hospitalini, na pia za harusi yake. Alifariki kwa saratani tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Rafiki zake walizipanga picha hizo, ambazo zinapita elfu sita na mia sita, wakazionyesha katika chuo kile kile mwaka 2007.

Yuko pia Milt Hinton, mpigaji wa zeze lile kubwa linalopigwa kwa kusimama, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 2000. Yeye hakujifunga kwa picha moja kwa siku, lakini aliibeba kamera safarini miaka na miaka, tangu alipokuwa katika bendi ya Cab Calloway, akaacha negativu zipatazo elfu sitini. Aliwapiga wenzake wakisinzia safarini, na kusini mwa Marekani aliwapiga karibu na yale mabango yaliyowatenga Weusi na Wazungu. Mpiga picha wa gazeti asingaliweza kuzipata nyingi za hizo, kwa kuwa angalikuja na kuondoka. Hinton alikuwa ndani. Alikuwa akingoja treni ile ile na kupitia mlango ule ule.

Nilipowasoma watu hawa nilijiona niko katika kabila zuri. Lakini kuna hesabu moja iliyonikaa moyoni, nami naomba wanafunzi waifanye wenyewe. Tukadirie kwamba kila picha huchukua sehemu moja ya sitini ya sekunde. Basi picha zangu zote za mwaka mzima zinajumlisha takriban sekunde sita. Zile za Livingston, kazi ya miaka kumi na minane, hazifiki dakika mbili. Wimbo mmoja wa taarabu, ukiachiwa mwimbaji aurudierudie ubeti wake kadiri atakavyo, waweza kwenda dakika kumi na kuendelea. Muziki hauna sehemu moja ya sitini. Ukiukata hivyo, hubaki na kitu. Nilikuwa mtu wa kazi ya muda mrefu aliyeingia katika kazi ya kupepesa macho, na sikujua kwamba kazi hiyo mpya ingeidai ya zamani fidia.

Sasa nifike nilikokuwa nikienda.

Kila Jumanne baada ya isha nilikuwa nikienda Mji wa Kale kwa mzee aliyenifunza nilipokuwa kijana. Jina lake silitaji kwa kuwa hakunipa ruhusa. Mimi humwita Maalim, naye huniita mwanangu ingawa ndevu zangu zimekwisha kuwa nyeupe kama zake. Ala yake ni udi. Hukaa barazani, nami hukaa upande wake wa kushoto na fidla yangu, tukapiga mpaka majirani waanze kufunga madirisha. Watu wa muziki wa kizazi chake wametuondokea mmoja baada ya mwingine. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014; Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyetoka Lamu, akafuata mwaka 2016. Kaseti zao ninazo na bado hulia. Lakini kaseti haiwezi kunionyesha jinsi kidole gumba kilivyokaa nyuma ya shingo ya udi, wala jinsi kiwiko kilivyoinuka. Kwa hiyo niliona ni wajibu wangu, maadamu Maalim yu hai na mimi nina kamera, nihifadhi mkono wake wa kushoto. Nikamwomba ruhusa, akanipa. Mkewe alisema yeye asitokee pichani hata kwa ukingo wa kanga, na hilo nililiheshimu.

Jumanne nyingine nilikuwa nimekwisha kuitumia picha yangu ya siku asubuhi, na wakati wa Ramadhani hatukukutana. Hatimaye mwaka ulipokwisha nilikuwa na picha 31 za mkono wa Maalim. Nilizipeleka dukani zikatolewa kwa karatasi, nikarudi nyumbani, nikazipanga kwenye mkeka kwa tarehe.

Kwa faida ya wasioijua ala hii, niseme kidogo. Udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja: jozi tano, na uzi mmoja mnene peke yake. Shingo yake haina vigawanyo kama gitaa. Kidole ndicho kinachoitafuta sauti, na kikikosea kwa upana wa punje ya mchele, sauti imepotea. Kidole cha mwisho, kile kidogo, huifikia sauti ya juu kabisa kwenye uzi kabla mkono haujahama. Sauti hiyo hiyo yaweza pia kupatikana kwa kuupiga uzi unaofuata ukiwa mtupu, bila kukandamizwa. Ni sauti moja kwa jina. Kwa sikio si moja. Iliyokandamizwa na kidole hutetemeka, hulia, huweza kuvutwa kidogo kama mtu anayeita kwa huzuni. Ile ya uzi mtupu ni ng'avu na kavu, na ikishatoka imetoka. Fidla ina jambo hilo hilo. Ni somo la kwanza nimpalo kila mwanafunzi: usikimbilie uzi mtupu, tumia kidole cha mwisho hata kikuume. Na mimi mwenyewe nilifunzwa hilo na Maalim.

Katika picha za Januari na Februari kidole cha mwisho kimelala juu ya uzi kama inavyotakiwa. Kisha kuna pengo la Ramadhani. Mwezi wa Mei kinaelea juu ya nyuzi bila kuzigusa. Julai kimeanza kujikunja. Septemba kimekunjwa kabisa, kimejificha nyuma ya shingo ya udi kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango, na katika picha zote zilizofuata kimebaki huko huko. Nilizipitia tena. Nikazipitia mara ya tatu kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mtu mzima hulia kwa sababu nyingi, na mimi nililia kwa moja tu: nilikuwa nimeketi upande ule ule wa mkono ule, hatua moja kutoka kwake, Jumanne baada ya Jumanne, na sikuwa nimesikia chochote.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakusema lolote juu ya mwenye masikio.

Jumanne ya kwanza ya mwaka 2024 nilikwenda na picha tatu mfukoni: ya Februari, ya Mei na ya Septemba. Nikazipanga mbele yake.

"Maalim," nikasema, "kidole hiki kina nini?"

Alizitazama kwa muda bila kuvaa miwani. "Kimekufa ganzi, mwanangu. Tangu Mfungo Mosi."

Mfungo Mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani. Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila Jumanne," akasema. "Nilikuambia kwa uzi mtupu. Nikangoja uniulize, maana ni mimi niliyekufunza kuutambua. Lakini wewe ulikuwa ukingoja mwanga."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Niliporudi nyumbani nilijaribu kujitetea. Nilijiambia kwamba bila ya picha nisingalijua kabisa. Kwamba jicho ndilo lililonifumbua. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba jicho hilo ndilo lililoliziba sikio. Nilipokuwa barazani pale, sehemu ya akili yangu ilikuwa ikipima kivuli cha taa na kungoja Maalim ageuze mkono ukae vizuri, na mara nilipokwisha kuipata picha yangu, niliona kwamba kazi ya jioni imekamilika. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema kwamba mshipa wa fahamu upitao kwenye kiwiko umebanwa kwa muda mrefu, na kwamba mambo haya yakiwahiwa mapema huwa na matumaini zaidi. Ganzi imepungua tangu wakati huo. Nguvu ya kidole haijarudi yote.

Ninayasimulia haya si kwa sababu msiba wangu ni wa ajabu. Nakumbuka harusi za zamani, jinsi kina mama walivyokuwa wakiinuka mmoja mmoja kumtuza mwimbaji, wakicheza polepole, noti ikipunga hewani kwa mkono mmoja na ule mwingine ukifuata wimbo. Siku hizi mkono wa pili umeshika simu. Anayetuza anajipiga picha akituza, na aliyeketi anampiga picha anayetuza, na sisi jukwaani tunawatazama watu mia mbili wakitutazama kupitia vioo vidogo. Hakuna anayekosea ubeti kwa kuuitikia. Ukimya huo, kwa mpiga ala, ni mzito kuliko kuzomewa.

Lakini linalonihusu zaidi ni madarasa yetu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini mwaka 2019, wazazi wengi walipata kazi mpya ya kuwapiga watoto wao picha. Mtoto anafagia, mzazi anapiga. Mtoto anapanda maharagwe kwenye kopo, mzazi anapiga, kisha anakwenda saiba na kulipa ili zitolewe na kubandikwa daftarini. Nimesikia manung'uniko mengi juu ya gharama, na yana haki yake. Hata hivyo, mimi naona hasara nyingine iliyo kubwa zaidi. Picha iliyoagizwa kuwa ushahidi huzaa ile picha yangu ya tarehe 19. Mtoto hushikishwa ufagio, akasimama wima, akapigwa, kisha ufagio ukarudishwa pembeni na uwanja ukabaki na takataka zake. Mwalimu ana ushahidi, mzazi ana risiti, na mtoto amejifunza kuisimamia kamera. Simlaumu mwalimu, ana watoto wengi na fomu nyingi za kujaza. Ninachosema ni kwamba picha ya namna hiyo haimfundishi yeyote kutazama.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu ni picha chache zaidi. Darasa zima liwe na kamera moja, hata kama ni ya simu kuukuu ya mwalimu. Kila siku ya masomo mwanafunzi mmoja, kwa zamu, apige picha moja, na isifutwe. Aandike sentensi moja ya Kiswahili chini yake, sentensi yenye kitenzi na yenye ukweli, si "Hii ni picha ya mti" bali mti umefanya nini. Muhula wa majuma kumi na matatu utatoa picha 65. Zikitolewa ndogondogo hazitazidi karatasi sita au saba. Kisha siku ya mwisho meza zisogezwe, picha zipangwe sakafuni kwa tarehe, na watoto waachwe wazizunguke kwa saa nzima. Asiwepo wa kuwapa alama siku hiyo. Nawahakikishia kwamba yuko mtoto atakayeona jambo ambalo hakuna mtu shuleni aliyeliona: kwamba bomba la maji limekuwa likivuja tangu juma la pili, au kwamba kuna rafiki yao ambaye kila picha inayopita anasimama mbali zaidi na wenzake.

Najua yatakayosemwa. Nyuso za watoto si mali ya shule, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi. Basi idhini iombwe, na atakayekataa, kama alivyokataa mke wa Maalim, aheshimiwe bila kuulizwa sababu. Picha hizo zibaki sakafuni na kabatini, zisisambazwe popote. Ziko shule pia ambazo hazina kamera wala umeme wa kuichaji. Hizo ndizo ninazozionea wivu kidogo, kwa kuwa zinaweza kuanzia pale ambapo mimi nilipaswa kuanzia. Badala ya picha, mtoto aandike sauti moja aliyoisikia siku hiyo. Gharama yake ni kalamu. Na ni kazi ngumu kuliko ya kamera, maana hakuna chombo kitakachomsikilizia.

Mimi mwenyewe sikuacha picha. Marafiki kadhaa walinishauri niitupe tabia hiyo, lakini niliona kwamba kosa halikuwa la simu. Nimeongeza masharti mawili tu. Daftari langu sasa lina mistari miwili kila siku: nilichokiona, na nilichokisikia, na mstari wa pili ndio unaoandikwa kwanza. La pili ni kwamba muziki unapopigwa sipigi picha. Nangoja ala ziwekwe chini. Maana yake ni kwamba sitapata tena picha ya mkono wa Maalim ukiwa kazini, na endapo siku moja mwanafunzi atataka kujua mzee huyo alikishikaje kidole gumba chake, atakuwa na zile picha 31 tu. Sijui kama hesabu hiyo ni sawa. Nimeikubali.

Mwaka jana Maalim aliniomba nimletee zote, azitazame kwa nafasi. Nilidhani angezitafuta za Januari, alipokuwa na vidole vyake vyote. Alizipitia haraka haraka, kama mtu anayehesabu pesa za wengine, mpaka alipofika kwenye moja ya tarehe 22 Agosti ambayo mimi nilikuwa nimeipanga kuwa ya kutupa lau si sharti. Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, mtu akanigonga bega nilipokuwa nikipiga. Hakuna mkono ndani yake. Kuna dele la kahawa, vikombe viwili, na kivuli cha kichwa cha udi ukutani kwa mwanga wa kandili. Daftarini nilikuwa nimeandika: "Stima zimepotea. Imeharibika."

Maalim aliiweka gotini na kuanza kutaja nyimbo tulizozipiga usiku ule, kwa mpangilio wake, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nikikumbuka mbili. Alipofika wa tano alisita, akafumba macho, akapiga meza kwa vidole vitatu mpaka mdundo ukamletea jina lake. Zilikuwa saba. Niliigeuza picha nikaziandika nyuma yake, naye akanisahihisha mahali pamoja nilipoutanguliza wa sita.

Ameniomba ibaki kwake. Imo ndani ya mfuko wa udi, pamoja na nyuzi za akiba.